Cheti Ukutani Hakimtibu Mgonjwa

Ofisa mmoja wa Serikali, mtu mwenye elimu na madaraka, alisema mbele yangu hivi karibuni kwamba mfamasia ni muuza duka aliyebahatika kufika Chuo Kikuu. Yalikuwa mazungumzo ya jioni baada ya kazi, na wote waliokuwapo wakacheka. Mimi sikucheka. Maneno yale, ingawa yalitolewa kwa mzaha, ndiyo imani iliyojificha katika vichwa vya wengi wetu tulio maofisini na mashuleni, na imani hiyo inawagharimu wananchi afya zao, fedha zao, na mara nyingine roho zao. Kwa hiyo naomba kumjibu ndugu yule hadharani, maana najua kwamba hayuko peke yake.

Tuanze na jambo lililo wazi kwa kila mwenye macho. Mwananchi wa nchi hii anapopatwa na homa, kikohozi, kuhara, kiungulia au maumivu ya mgongo, mara nyingi haendi kwanza hospitali. Huenda duka la dawa. Duka liko karibu na kwake; liko wazi mpaka usiku; halina foleni ya kuanzia alfajiri mpaka alasiri; halimdai fedha ya kumwona daktari; na mwenye fedha kidogo huuziwa dawa za fedha yake hiyo hiyo kidogo. Mkulima anafanya hivyo, mchukuzi wa sokoni anafanya hivyo, na sisi wenye kadi za bima tunafanya hivyo hivyo tunapoona uvivu wa kupanga foleni. Basi, tupende tusipende, duka la dawa ndilo zahanati ya kwanza ya Watanzania wengi, na mtu aliyesimama nyuma ya meza yake anatibu watu kila siku. Lililobaki kwetu kuamua ni moja tu: mtu huyo awe nani, na aishi kwa kipato gani?

Jibu langu ni fupi. Mtu huyo hana budi awe mtaalamu aliyepo kazini kwa mwili wake, au aliye chini ya macho ya mtaalamu wa namna hiyo. Tena hana budi alipwe kwa ushauri anaoutoa, asiachwe aishi kwa wingi wa vidonge anavyouza. Mengine yote nitakayoyasema leo yanatokana na hayo mawili.

MFUKO WA DADA YANGU

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi michache, alianza kuhara usiku. Asubuhi dada alikwenda katika duka la dawa lililo karibu na nyumba yake, ambalo sitalitaja jina wala mahali. Alirudi na mfuko wenye dawa tatu: chupa ya metronidazo, chupa ya kiuavijasumu kingine, na vidonge vya kufunga tumbo ambavyo havitakiwi kabisa kupewa mtoto wa umri ule. Hakuulizwa mtoto ana umri gani. Hakuulizwa kama kinyesi kina damu, kama mtoto anatapika, kama bado ananyonya, kama macho yamedidimia. Ndani ya mfuko ule hakikuwamo kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichohitajiwa: ile pakiti ya chumvi na sukari iitwayo ORS, ya kuchanganya na lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki.

Kufikia jioni mtoto alikuwa amelegea na hawezi kulia kwa machozi. Aliyemwokoa ni muuguzi wa kituo cha afya, mama wa makamo, ambaye hakutumia mtambo wowote wa ajabu. Alikoroga maji yale akaanza kumpa mtoto kijiko kimoja kimoja, bila haraka, mpaka usiku wa manane. Fedha alizozitoa dada yangu asubuhi zingetosha kununua pakiti za ORS za kumtosha mtoto yule na watoto wa majirani.

Elimu hii si siri, wala si mpya. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja mwaka 2004 kwamba mtoto anayehara apewe maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, na kwamba viuavijasumu vitumike pale tu panapokuwa na sababu maalumu, kama vile kinyesi chenye damu. Kila mfamasia aliyehitimu analijua jambo hilo. Basi mfamasia wa duka lile alikuwa wapi?

Siku iliyofuata nilikwenda mwenyewe kuuliza. Cheti chake kilikuwapo ukutani, ndani ya fremu nzuri yenye kioo. Nikamwuliza binti aliyekuwa akiuza, mwenye cheti hiki yuko wapi? "Kaka, huyo haji hapa," akanijibu kwa adabu. "Huja mwisho wa mwezi."

Huja mwisho wa mwezi kupokea kodi. Nyumba hukodishwa, shamba hukodishwa, na sasa elimu iliyolipiwa na taifa zima nayo imekodishwa, huku mwenye elimu hiyo akiwa mahali pengine akifanya shughuli nyingine. Baraza la Famasi limekwisha kuikemea tabia hii hadharani, na sheria iko wazi kwamba famasi iwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa. Lakini kioo cha fremu hakiulizi umri wa mtoto. Cheti hakiwezi kutambua macho yaliyodidimia.

Binti yule simlaumu. Yeye ameajiriwa kwa ujira mdogo, ameambiwa mauzo ya siku yasishuke, na hakuna aliyemfundisha kusema neno "hapana". Ninaowalaumu ni wawili: mwenye duka anayetaka sheria itimizwe kwa karatasi, na msomi anayekubali kuwa karatasi hiyo.

TULIKOTOKA

Ni vizuri tukumbushane kwamba nchi hii haikuanza hivi. Tangu Uhuru tuliwataja maadui wetu watatu, ujinga, maradhi na umaskini, tukajua kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja. Huwezi kumpiga mmoja ukamwacha mwenzake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walimu walikuwa mstari wa mbele katika kazi ile. Hawakusema kwamba afya ni kazi ya daktari peke yake.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, dawa zipatazo mia mbili, likathibitisha jambo ambalo nchi maskini zilikuwa zikilihisi siku nyingi: kwamba utitiri wa majina ya dawa madukani unamnufaisha mtengenezaji kuliko mgonjwa. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata yakatangaza kwamba huduma ya msingi ya afya ni haki ya watu wote, na dawa muhimu zikatajwa kuwa sehemu ya huduma hiyo. Hapa kwetu, katika miaka ya 1980, makasha ya dawa muhimu yalianza kupelekwa moja kwa moja katika zahanati na vituo vya afya vijijini, ili mgonjwa wa kijijini asipate mabaki ya hospitali za mijini.

Sina nia ya kupamba historia. Miaka ile ilikuwa pia miaka ya makabati matupu, ya foleni ndefu na ya dawa zilizopotea njiani. Sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku matibabu ya kibinafsi ya kutafuta faida ilirekebishwa mwaka 1991, na tangu hapo maduka ya dawa yameongezeka mijini na vijijini. Simtaki mtu yeyote aturudishe kwenye makabati matupu. Lakini tulipofungua mlango wa biashara, je, tuliweka mlinzi mlangoni?

Tulijaribu. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma ulianzishwa mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi ambayo mengi yalikuwa yakiuza dawa za moto kwa kificho. Watoa dawa, wengi wao wauguzi wasaidizi, walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, yakaruhusiwa kuuza dawa kadhaa za cheti, pamoja na baadhi ya viuavijasumu, kwa masharti. Mpango huo ukaenea nchi nzima, na nchi nyingine za Afrika zikaja kujifunza kwetu. Mwaka 2011 ikatungwa Sheria ya Famasi. Kwa hiyo hatukosi sheria wala hatukosi maarifa. Tunachokosa ni mtu nyuma ya meza, na ujasiri wa kumpa mtu huyo heshima na malipo yanayomstahili.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Ofisa yule aliyesema mfamasia ni muuza duka huenda hajapata kumwona mfamasia akifanya kazi yake. Kuuza ni dakika moja ya mwisho. Kazi ni ile inayotangulia.

Anakuja mzee anataka dawa ya mafua. Mfamasia anamwuliza kama ana shinikizo la damu, kwa sababu dawa nyingi za kuzibua pua hubana mishipa na kulipandisha shinikizo hilo. Anakuja mama mjamzito anataka dawa ya maumivu ya mgongo. Mfamasia hampi ibuprofeni wala diklofenaki kwa mazoea; anamwuliza mimba ina miezi mingapi, kisha anamshauri kwa kadiri ya jibu lake. Anakuja kijana mwenye kiungulia kisichokwisha, naye mfamasia anagundua kwamba kwa miezi miwili amekuwa akimeza aspirini kila siku kwa ajili ya kichwa, na kwamba dawa ya ugonjwa mmoja imezaa ugonjwa wa pili. Anakuja mwalimu anayemeza parasetamoli ya homa na juu yake dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani yake. Mfamasia anamwonyesha maandishi ya pakiti, anamwambia kwamba mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, maana kinachozidi hapo kinaweza kuliangamiza ini kimya kimya. Anakuja mzazi anataka vile vidonge vya rangi mbili vya tetrasiklini kwa mtoto wa miaka mitano. Mfamasia anakataa, kwa kuwa dawa hiyo hutia madoa ya kudumu katika meno yanayoendelea kukua.

Hayo ndiyo yanayoitwa maradhi madogo madogo. Lakini ugonjwa mdogo haujitangazi kuwa ni mdogo. Mgonjwa haji na kibandiko usoni kisemacho mafua au kifua kikuu. Mtu anayenunua dawa ya kikohozi kwa mara ya tatu, huku akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, hatakiwi kuuziwa chupa ya nne. Anatakiwa kuambiwa, kwa upole na kwa msimamo, aende leo hii kupimwa kifua kikuu. Mwenye homa hatakiwi kukisiwa malaria; tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kujua ni lini dawa ya dukani inatosha na ni lini haitoshi, huo ndio ujuzi wa kwanza wa mfamasia, na ndio unaotenganisha tiba na uchuuzi.

Tena mfamasia anaona mambo ambayo hospitali haiyaoni. Hospitali humwona aliyekwisha kuzidiwa. Duka la dawa humwona aliyeanza jana. Watu wa mtaa mmoja wanapoanza kununua dawa za kuhara kwa wingi katika siku mbili, mtu wa kwanza kulijua jambo hilo si Mganga Mkuu wa Wilaya. Ni yule aliyesimama nyuma ya meza. Kama ana elimu, ana simu, na anajua ampigie nani, atakuwa ametoa tahadhari ya kipindupindu kabla ya kitanda cha kwanza kujaa. Kama hana, atakachoona ni kwamba biashara ya wiki hii ni nzuri.

DENI LA WATOTO WETU

Kuna hatari kubwa kuliko mtoto mmoja na mfuko mmoja. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitoa onyo kwamba huenda siku itafika ambapo penisilini itanunuliwa na yeyote madukani, na kwamba hapo mtu asiyejua atajipa dozi pungufu na kuvifundisha vijidudu kuishinda dawa. Mwaka 1945! Hiyo siku aliyoihofia Fleming sisi tunaishi ndani yake. Dozi ya siku tano inauzwa nusu. Kiuavijasumu kinatolewa kwa mafua, ambayo huletwa na virusi visivyojali kabisa dawa hiyo. Na mgonjwa anayepata nafuu siku ya pili anamwekea jirani vidonge vilivyobaki.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba mzigo huo umezilemea zaidi nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Sisi wenyewe tumekwisha kuonja uchungu wa usugu katika malaria. Klorokwini, ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu wake na kwa kuwasha kwake, iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu ilikwisha kushindwa. SP iliyochukua nafasi yake haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 tukahamia dawa ya mseto. Na katika miaka ya karibuni watafiti wamegundua mkoani Kagera vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, dawa iliyo nguzo ya mseto huo. Sisemi kwamba maduka peke yake ndiyo yaliyoleta hayo yote. Usugu una sababu nyingi. Ninasema kwamba kila dozi pungufu inayouzwa ni msaada kwa adui, na kwamba dawa mpya hazitengenezwi kwa kasi ya vimelea kujifunza.

HOJA ZA WAPINZANI

Zipo hoja tatu ambazo husemwa kila jambo hili linapozungumzwa, na ni haki zijibiwe.

Ya kwanza husemwa na baadhi ya waganga: kwamba mfamasia akianza kutibu maradhi madogo atajitwalia kazi ya daktari. Ndugu waganga, foleni zenu zimejaa watu wenye mafua na kiungulia, na nyuma yao, katika foleni hiyo hiyo, ameketi mama mwenye kifafa cha mimba ambaye hajafikiwa. Ni nani anayenufaika na hali hiyo? Uingereza, nchi yenye madaktari wengi kuliko sisi kwa mbali, ilianzisha katika England tarehe 31 Januari 2024 utaratibu wa kuwaruhusu wafamasia kutibu maradhi saba yaliyotajwa kwa majina, yakiwamo maumivu ya koo, maumivu ya sikio na maambukizo mepesi ya njia ya mkojo kwa wanawake, kwa mwongozo ulioandikwa na kwa malipo yanayotolewa na huduma ya afya ya umma. Sisemi tuwaige Waingereza. Maradhi yetu na mifuko yetu ni tofauti. Nasema tu kwamba wenye madaktari wengi wameona haja ya mfamasia, nasi wenye wachache tunamcheka.

Ya pili husemwa na wafanyabiashara: kwamba biashara ni biashara, na duka lisilouza litafungwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio kiini cha tatizo. Ikiwa chakula cha mfamasia kinatoka katika faida ya kidonge, basi kila mara anapotoa ushauri wa kweli anajinyima ugali. Akimwambia mgonjwa kwamba mafua yatakwisha kwa mapumziko na maji ya moto, amepoteza mauzo. Akimpa dada yangu ORS na zinki mahali pa dawa tatu za bei kubwa, amepoteza mauzo. Tumemweka mtu katika mtihani wa kila saa baina ya kiapo chake na tumbo lake, kisha tunashangaa tumbo likishinda. Dawa ya jambo hili haipatikani kwa mahubiri peke yake. Hatuna budi kubadili namna ya kumlipa.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo husemwa na watu wema: kwamba mwananchi maskini hana fedha ya daktari, na tukimkazia masharti dukani tutakuwa tumemfungia mlango wake wa mwisho. Naiheshimu hoja hii. Lakini tumtazame maskini huyo anavyotendewa leo. Anauziwa dawa tatu mahali pa moja. Anauziwa nusu ya dozi, anaugua tena, ananunua tena. Kwa sababu ya umaskini wake analipa mara mbili, na bado haponi. Mlango huo tunaoogopa kuufunga unampeleka wapi? Ushauri wa kweli ni wa bei nafuu kuliko mfuko wa dada yangu. Masharti ya kitaalamu yanamlinda maskini zaidi kuliko tajiri, kwa sababu tajiri akidanganywa dukani ataingia gari lake na kwenda hospitali.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, ukodishaji wa vyeti ukomeshwe kwa vitendo. Mkaguzi akifika dukani asiulize cheti kiko wapi. Aulize mwenyewe yuko wapi. Jina na picha ya mfamasia aliye zamu vibandikwe mahali ambapo mnunuzi ataviona, pamoja na saa zake za kazi. Anayekutwa amekodisha cheti aadhibiwe sawasawa na aliyekikodi.

Pili, ushauri ulipwe. Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Katika utekelezaji wake, mfamasia anayemsikiliza mgonjwa, akaandika alichomwona nacho na alichomshauri, alipwe hata kama hakuuza kidonge hata kimoja. Hapo ndipo neno "hapana" litakapoweza kutamkwa nyuma ya meza bila mtu kulala na njaa.

Tatu, kwa kuwa wafamasia hawatatosha kila kijiji kesho wala keshokutwa, mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu asiachwe peke yake. Kila mfamasia wa wilaya awe na orodha ya maduka anayoyalea, ayatembelee kwa ratiba, awafundishe watoa dawa kazini, nao wawe na namba ya simu ya kumwuliza wanapokwama. Mafunzo ya wiki chache hunyauka yasipomwagiliwa.

Nne, duka la dawa lihesabiwe kuwa sehemu ya afya ya taifa. Liwe na karatasi ya rufaa inayotambuliwa na zahanati, ili mwenye kikohozi cha wiki mbili asifike huko akaanza upya kama mtu asiyejulikana. Litoe taarifa za kuhara na za homa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kila wiki, na siku ile ile pakitokea jambo lisilo la kawaida.

Tano, sisi wenyewe. Hapa nazungumza na mwalimu na mtumishi wa Serikali, ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu. Ni nani anayemtuma mwanafunzi dukani na kikaratasi chenye jina la kiuavijasumu, kwa sababu mwaka jana kilimsaidia? Ni sisi. Ni nani anayemkasirikia mfamasia anayeuliza maswali, akasema, "Mimi najua ninachotaka, nipe nikulipe"? Ni sisi. Mkulima akifanya hivyo tunasema hana elimu. Sisi tutajitetea kwa lipi? Tulisomeshwa kwa jasho la mkulima huyo huyo, mfamasia pamoja nasi, na anayeikodisha elimu ile kwa mwisho wa mwezi anauza mali isiyokuwa yake peke yake.

Mtoto wa dada yangu sasa anakimbia uwanjani na kuvunja vikombe vya mama yake. Amepona kwa sababu muuguzi mmoja alikuwapo kazini usiku ule, akiwa na kijiko mkononi. Basi ndugu msomaji, utakapoingia katika duka la dawa wiki hii, kabla hujatoa fedha yako, tazama jina lililo katika cheti cha ukutani, kisha uliza kwa adabu: mwenye jina hili yuko wapi? Ukijibiwa kwamba huja mwisho wa mwezi, usinyamaze. Peleka habari hiyo kwa mfamasia wa wilaya yako, na mwambie jirani yako naye aulize.